Siku Saba za Msingi

Siku ya tatu baada ya kumzika Mwanahawa, kupe wake aliletwa mezani kwangu ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: MTOTO AMEFARIKI. SOMA, FUNGA FAILI.

Nilimtoa nikamweka kiganjani. Punje ya choroko inamzidi uzito. Jina lake la kiserikali ni refu na lina heshima zote, Kipima Mzigo wa Kila Siku, lakini tangu lini watoto wa Dar es Salaam wakakiita kitu kwa jina lililochaguliwa na wakubwa? Kinakaa nyuma ya sikio, hakionekani, kinanyonya. Wakakiita kupe, na sisi wapimaji tukawa wafuga kupe. Kila kijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane katika mitaa yetu anaye. Anapima jasho, mapigo ya moyo, pumzi na usingizi, kisha kila alfajiri anatuma ofisini namba moja tu. Ikiwa kijani, mtoto hana neno. Njano, tunampigia mzazi simu. Nyekundu siku tatu mfululizo, mshauri anapiga hodi nyumbani kabla jua halijazama, na mtoto hapelekwi mahali, hachapwi, haulizwi kwa ukali. Anakalishwa chini anasikilizwa. Niliipenda kazi hii kwa sababu hiyo.

Mwanahawa Kondo, miaka kumi na mitano, mtaa wa Kwa Shomvi, Kigogo, alikuwa kijani siku mia moja thelathini na moja. Hakukosa hata moja. Tulimpa cheti cha utulivu, nikakipeleka mwenyewe, na mama yake akakitundika ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Siku ya mia moja thelathini na mbili, saa saba mchana, akitoka shuleni, aliingia barabarani mbele ya lori la taka. Malori yale hayana dereva, lakini yana macho pande zote na honi ya kuamsha wafu. Lilipiga honi. Lilifunga breki. Waliokuwepo walisema binti alikuwa anatembea macho wazi, ila hayaoni.

Polisi waliandika ajali. Kwangu ilibaki kuandika kijani kwa mara ya mwisho na kutia sahihi.

Lakini faili la mtoto aliyefariki halifungwi mpaka zisomwe namba ghafi, zile ambazo kupe anazihifadhi tumboni bila kuzituma. Nilimweka kwenye kisomeo, nikajimiminia chai, nikaangalia. Moyo wa mtoto aliyekaa tu, hakimbii, hafanyi lolote: mapigo mia moja na manne kwa dakika. Usingizi wa usiku wa mwisho: saa moja na nusu. Wa usiku uliotangulia: saa mbili kasoro. Nikarudi nyuma wiki, nikarudi nyuma mwezi. Mtoto huyu alikuwa halali. Kila siku alikuwa halali, na kila alfajiri kupe wake alituambia kijani.

Nikadhani kupe ameharibika. Nilimwomba Mungu awe ameharibika. Nilimpima mara tatu kwenye mashine ya majaribio, akafaulu mara tatu.

Niseme jinsi kupe anavyofanya kazi, maana kosa limo humo. Kupe hajui huzuni ni nini. Anachojua ni tofauti. Siku saba za kwanza anakaa na mtoto kimya, hatumi kitu, anajifunza kawaida yake: moyo wake unapigaje, analalaje, anatoka jasho kiasi gani. Hizo siku saba tunaziita msingi. Baada ya hapo kila siku inalinganishwa na msingi, ili mtoto aliyezaliwa na moyo wa mbio asisumbuliwe bure. Ni utaratibu mzuri. Nimewafundisha wapimaji wapya mara nyingi, tena kwa madaha.

Nikafungua tarehe za msingi wa Mwanahawa. Tarehe nne hadi tarehe kumi Machi. Chini yake sahihi ya mpimaji: Kalunde Nkwabi. Huyo ni mimi.

Tarehe nne Machi ndiyo siku aliyozikwa baba yake.

*

Mimi ni Mnyamwezi, wao ni Wazaramo, na hayo yanatosha kwa anayejua utani. Kwa asiyejua: msiba ukitokea kwao, wengine wanakuja na kilio, sisi tunakuja na vituko. Tunakalia kiti cha marehemu, tunavaa nguo zake, tunadai chai, tunatukana waliofiwa, na hakuna wa kukasirika. Kazi ya mtani ni kuhakikisha msiba haumezi waliobaki hai. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana, na kwa mdomo nilio nao, wananiita mpaka misiba isiyonihusu.

Kondo, baba yake Mwanahawa, alikuwa fundi wa betri. Miaka ishirini ya kubeba betri za magari ilimshusha bega la kushoto, akawa anatembea upande kama kaa. Basi siku ile nilivaa koti lake na kofia yake, nikashusha bega, nikaingia walipokaa wanawake kwenye mikeka nikikohoa kikohozi chake chenyewe. "Nyie Wazaramo," nikawaambia, "mmeniwahisha kuzika, chai mmeshindwa kuiwahisha?" Ua mzima ulicheka. Mama Mwanahawa, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi, alicheka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mwanahawa alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akalala juu ya mkeka.

Nikatoa bandiko la kupe mkobani. "Wewe unayecheka kwenye kilio cha baba yako, njoo nikutie kupe!"

Mtani hakataliwi. Alisogea mwenyewe, akashika nywele zake pembeni. "Polepole basi, mtani," akasema, bado anacheka.

Nilikuwa na vijana ishirini wa kuandikisha kabla ya mwisho wa mwezi, na vijana wa mjini hawakamatiki. Asubuhi shule, mchana masomo ya ziada, jioni mpira, na kupe wa msingi anataka mtoto anayeonekana siku saba ili mpimaji amkague kila siku. Ila matangani wanakaa. Siku zote saba wapo, hawaendi shule, hawaendi mpirani, wanapanga vikombe na kuteka maji. Niliona nimeokota dodo. Fomu ina swali la kumi na nne: Je, kuna tukio zito katika nyumba hii kwa sasa? Nilimtazama mtoto anavyocheka, nikaweka alama kwenye Hapana.

Niliandika Hapana nikiwa nimevaa koti la maiti.

Yangekuwa yameishia hapo, ningesema ni kosa langu na mtoto mmoja. Lakini mdomo wangu haukai na jambo. Nikawasimulia wenzangu wakati wa chai, wakacheka, wakaiga. Kufikia Juni jimbo zima lilikuwa linaandikisha vijana matangani, na mbinu ikapewa jina: mbinu ya Kalunde. Nilipigiwa makofi kwenye mkutano.

Chai yangu ilipoa wakati nahesabu mafaili. Vijana sitini na watatu walichukuliwa msingi wakiwa wamekalia mikeka ya msiba. Wote sitini na watatu walikuwa kijani.

*

"Funga faili," alisema Ambakisye.

Yeye ndiye mkuu wa kituo, Mnyakyusa mpole, mtu wa kanisani, mwenye mabinti wawili wenye kupe kama watoto wa wengine. Hakupandisha sauti. Alifunga mlango, akakaa upande wangu wa meza.

"Mzee, hawa sitini na wawili waliobaki hatujui wana hali gani," nikamwambia. "Kupe zao ni vipofu. Mimi ndiye niliyewapofusha."

"Msingi una muhuri, Kalunde. Miaka saba. Tuliuweka muhuri ili asitokee mkubwa wa kuchezea namba za watoto. Hata mimi siwezi kuufungua."

"Mzazi anaweza. Kwa kidole chake. Ukifunguliwa mmoja na kosa likaonekana, kanuni inalazimisha wengine wote wenye kosa hilo wapimwe upya."

"Nayajua hayo. Utamwendea nani? Mama wa huyu binti? Umwambie nini? Mama, yule mwanao uliyeambiwa ana raha, alikuwa hana raha hata siku moja. Kila asubuhi angeweza kuletewa mshauri, hakuletewa, kwa sababu mimi nilikuwa nakata viuno kwenye matanga ya mumeo. Utamwambia hivyo?"

Nilivuta faili karibu yangu.

"Alichobakiwa nacho ni kile cheti," alisema. "Ukimnyang'anya, utakuwa umemwua mtoto wake mara ya pili. Tutafute njia nyingine. Tuandike barua makao makuu, tuombe kanuni ibadilishwe."

"Itachukua muda gani?"

Alitazama mikono yake. "Mwaka. Labda na nusu."

Mwanahawa hakumaliza miezi mitano. Nilimwambia hivyo, naye akatikisa kichwa polepole, bila hasira. Simlaumu. Yeye alikuwa anamhurumia mama mmoja anayemjua, na huruma ya namna hiyo si dhambi. Ila mimi nilikuwa na majina sitini na mawili mfukoni.

*

Nilifika Kwa Shomvi baada ya sala ya alasiri. Mikeka bado ilikuwa imetandikwa uani. Bibi mmoja aliponiona akapiga makofi. "Mtani huyo! Afadhali umekuja. Tuchekeshe, mwanangu, mwenzio hajatia kitu mdomoni tangu juzi."

Wanawake wote wakanigeukia wakisubiri. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuniaibisha mbele ya Mzaramo yeyote, ulikauka. Nikasema tu, "Poleni sana." Bibi akanitazama kama niliyevunja mwiko, na kwa kweli nilikuwa nimeuvunja.

Mama Mwanahawa alinichukua ndani. Jina lake ni Chausiku, anafua mashuka kwenye dobi kubwa la hospitali, na mikono yake ina weupe wa dawa hadi kwenye viwiko. Tulikaa kitandani, cheti kikiwa juu yetu ukutani.

"Nikikosa usingizi nakitazama kile," alisema. "Najiambia, Chausiku, hukuwa na cha kumpa mwanao, lakini aliondoka moyo wake umetulia. Watoto wangapi wana hiyo bahati? Mashine haina sababu ya kunidanganya."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yakayeyuka yote. Nikamwambia hivihivi, kama nilivyoeleza hapo juu, sikuacha kitu: tarehe, fomu, Hapana.

Alisikiliza bila kusogea. Nilipomaliza aliuliza, "Ulimtia siku ile uliyovaa koti la baba yake?"

"Ndiyo, dada."

"Nami nikacheka."

"Ulicheka. Wote mlicheka."

Alisimama, akakitungua cheti, akakisoma chote kuanzia nembo mpaka sahihi. Kisha akasema, "Toka."

Nilitoka. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na bomba la uani, wanawake wakinitazama na hakuna aliyeniuliza kitu. Nililia, na sikutaka kulia, maana kilio hakikuwa changu. Niliwaza kwamba Ambakisye alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeingia nyumba yenye jeraha moja nikaacha mawili.

Nusu saa ilipita, labda zaidi. Chausiku akatokea mlangoni, kanga kajifunga kichwani. "Hizo namba za kweli zinaweza kutoka?"

"Ukiweka kidole."

"Na za wengine?"

"Cha kwako kinafungua na za wengine."

"Wangapi?"

"Sitini na wawili."

"Kuna wa hapa mtaani?"

"Mmoja. Pazi, nyumba ya pili. Ulikuwa msiba wa babu yake, mwezi wa tano."

Alikuja akakaa chini karibu na ndoo yangu, akanyoosha mkono wake uliochubuka, nikamwekea kisomeo cha mkononi, akakandamiza kidole gumba. Muhuri ukafunguka. Mashine ikatupa ule msingi wa uongo, ikachukua msingi wa wasichana wa rika lake, ikaanza kuhesabu upya siku moja moja.

Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Siku mia moja thelathini na moja, na hata ya njano haikuwemo.

"Nataka kuona na saa," alisema. "Siku nzima ilivyokwenda."

Nilimfungulia mistari ya saa. Alikuwa anaitazama kwa makini kama anavyotazama mtu mashuka akitafuta doa. Asubuhi mstari uko juu, shuleni unashuka kidogo, mchana unashuka tena kidogo, halafu jioni unapanda ghafla, unakaa kule juu, hauteremki mpaka saa tano usiku. Akafungua siku nyingine, ni hivyohivyo. Akafungua nyingine.

"Huu mlima ni wa nini?"

"Sijui, dada." Nilikuwa sijui kweli.

"Unaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo. Kila siku."

Kidole chake kikasimama. "Na Jumapili? Mbona Jumapili unaanza tangu asubuhi?"

Nikaangalia. Ilikuwa kweli, kila Jumapili mlima ulianza alfajiri na kwenda mpaka usiku. Nilitaka kusema nitawauliza wataalamu. Lakini Chausiku alikuwa amekwisha kupata jibu, nikaliona linavyomwingia usoni.

"Jumapili siendi kazini," alisema. "Siku nyingine nafika hapa saa kumi na mbili na robo."

Nilimshika mkono. Akauacha.

"Nilikuwa namkuta kafagia, kapika, anacheka," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyonivunja. "Ananiigizia walimu wake. Ananiigizia wewe. Nikasema mwanangu kapona mapema, nisije nikamrudisha nyuma kwa machozi yangu. Nikawa nalia njiani yote kutoka kazini. Nikifika nanawa hapa, hapa bombani, nakausha uso ndipo naingia. Na yeye huko ndani naye anakausha wake. Nyumba ya vyumba viwili, mtani. Tulifichana ndani ya vyumba viwili."

Kilichonichoma zaidi sikukisema, na nakiandika hapa kwa sababu lazima kiandikwe mahali: kuigiza watu ili waliofiwa wacheke, binti yule alijifunza kwangu. Aliniona nikisifiwa kwa hilo mbele ya ua mzima. Akaona ndiyo kazi ya mtu anayependa wenzake, akaifanya jioni mia moja thelathini na moja, peke yake, bila kupokezana na mtu.

Chausiku aliinuka. Nilidhani anarudi ndani. Badala yake alivuka ua, akapita wanawake wake bila kuwaangalia, akatoka njiani. Nikamfuata.

Mama Pazi alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele. Alishtuka akataka kusimama, maana mfiwa hatoki kwenda kuzuru watu. "Mwenzangu! Kuna nini? Karibu, karibu ndani. Ungeniita tu ningekuja."

"Pazi yupo?"

"Yupo, kajilaza. Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Anaendeleaje?"

"Huyu? Huyu hana neno." Mama Pazi akacheka kidogo kwa woga, akanitazama mimi. "Si mnaona wenyewe huko ofisini? Kijani tupu. Jana tu alikuwa ananivunja mbavu hapa."

Chausiku aliingia. Mvulana wa miaka kumi na minne aliinuka haraka kwenye mkeka, akatandaza tabasamu lililokamilika, meno yote. "Shikamoo mama. Shikamoo mtani." Hakuna mtu angeona kasoro. Mimi niliyefanya kazi hii miaka sita nisingeona.

"Marahaba." Chausiku alikaa chini mbele yake, magoti kwa magoti. "Pazi, usiku unalala?"

Kabla ya kujibu, mtoto alimtupia jicho mama yake aliyesimama mlangoni na ungo mkononi. Tabasamu likaongezeka.

"Usimtazame mama yako," alisema Chausiku. "Nitazame mimi. Mimi wa kunificha keshaondoka."

Pazi alimtazama. Midomo yake ilijaribu kushikilia lile tabasamu, ikashindwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Silali," alisema.